Remmy, soksi na kaseti ya mjomba

Wadau, kila nikishuka daladala Sinza kwa Remmy nawaza: kituo kimebaki na jina, mwenyewe alitutoka Desemba 2010.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 akaja Dar kupiga gitaa na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, baadaye akaongoza Super Matimila. Wazungu walimjua kwa WOMAD na albamu ya Songs for the Poor Man (1989), ya lebo ya Peter Gabriel. Litembo kwetu, huko milimani Mbinga, walimjua kwa kaseti.

Mwaka 1990 akatunga Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, jamani! Redio Tanzania ikagoma kuupiga. Lakini kaseti haiombi ruhusa ya mtu, ikapanda basi hadi kijijini. Mama anasimulia kwamba mjomba alikuwa akiizima babu akiingia, akitoka anaiwasha tena. Wakubwa wengine wengi walikuwa kimya kuhusu ukimwi.

Mjomba alifariki 1998, miaka sita kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini. Kaseti mama bado anayo. Redio ya kuipigia ndiyo hatuna.