Umesomea urubani nje? Usidhani leseni yako itatumika moja kwa moja Bongo

Kutoka Themi hadi uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, ni mwendo mfupi tu wa gari. Ndege ndogo za kupeleka watalii Serengeti zinaruka hapo kila siku. Ila kijana wa hapa anayetaka kuzirusha mara nyingi huangalia nje: Wilson jijini Nairobi, Soroti kule Uganda, Afrika Kusini au Marekani. Ishu huanza akirudi na leseni mkononi.

Kwa mfumo uliotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, leseni inafuata usajili wa ndege, siyo uraia wa rubani. Ndege iliyoandikwa 5H ubavuni ni ya Tanzania, 5Y ya Kenya, ZS ya Afrika Kusini. Kwa hiyo hata uwe Mtanzania, leseni ya Afrika Kusini haikuruhusu kurusha 5H mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ikubali.

Inaweza kukubali kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuidhinisha leseni yako ya nje itumike kwa muda. Ikiisha au kufutwa kule ilikotoka, na kibali cha huku kimekufa. Ya pili ni kuibadilisha upewe ya Tanzania, na hii ndiyo inayomfaa anayetaka kujenga maisha ya kazi hapa. Jiandae leseni yako ihakikiwe na nchi iliyoitoa, upimwe afya (daraja la kwanza kwa rubani wa biashara), ufanye mtihani wa sheria za anga na uruke na mkaguzi.

Nchi za Afrika Mashariki zinaoanisha kanuni zao kupitia CASSOA, wakala wa usalama wa anga wenye makao Entebbe. Hata hivyo, 5Y bado siyo 5H.

Wanaoumia zaidi ni wanaohama katikati ya masomo, kwa mfano ada ikikata. Viwango vya ICAO vinataka saa 200 za kuruka kwa leseni ya biashara, au 150 kwa aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa. Ukiikatisha kozi hiyo na kuendelea kwingine kivyako, unaweza kujikuta unadaiwa zile 200. Saa 50 za ndege na mafuta siyo hela ya mchezo.

Saa ulizoruka zinahama na wewe, ila kwa ushahidi tu. Kabla ya kuondoka chuoni, hakikisha daftari lako la kuruka limesainiwa na kugongwa muhuri, chukua rekodi zako za mafunzo, na uangalie kama jina kwenye leseni linafanana na la pasipoti. Kufuatilia muhuri wa Johannesburg ukiwa Arusha ni kazi nyingine kabisa.