Mwadingusha, Maporomoko Yaliyotiwa Kwenye Mabomba

Mtu wa Katuba, hapa Lubumbashi, akisema anakwenda kuona maporomoko, wengi humtajia Lofoi, na wana haki. Katika mbuga ya Kundelungu, iliyotengwa mwaka 1970, mto Lofoi hujirusha kutoka ukingo wa nyanda za juu na kuanguka wima takribani mita 340. Lakini anayetaka kujua mji wetu ulitoka wapi, aende kwanza Mwadingusha, kwenye mto Lufira, mashariki ya Likasi.

Wabelgiji waliyaita maporomoko hayo Cornet. Jules Cornet alikuwa mtaalamu wa miamba katika msafara wa kapteni Lucien Bia, uliofika Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, mwanzoni mwa 1892. Majuma machache kabla, tarehe 20 Desemba 1891, Msiri alikuwa ameuawa kwa risasi na watu wa msafara mwingine, ule wa Stairs. Bia mwenyewe alifariki mwaka huohuo wa 1892, na luteni Émile Francqui akashika uongozi. Cornet alirudi kwao na habari za shaba. Francqui alipanda cheo hadi akawa mmoja wa wakubwa wa Société Générale ya Brussels, iliyoshiriki kuanzisha kampuni ya shaba ya Union Minière mwaka 1906. Kijana aliyepita hapa kwa miguu akarudi kwa njia ya fedha.

Shaba ilikuwa na njaa ya umeme. Kiwanda cha Shituru, Likasi, kilichosafisha shaba kwa umeme, kilianza kazi mwaka 1929. Mwaka uliofuata mitambo ya Mwadingusha ikawashwa, ikapewa jina la Francqui. Mwaka 1950 ikafuata Koni, chini kidogo kwenye mto huohuo, ikaitwa Bia. Kule kwenye mto Lualaba, mitambo ya Nzilo iliitwa Delcommune na ya Nseke ikaitwa Le Marinel, majina ya viongozi wengine wawili wa misafara. Kwa hiyo ramani ya umeme wa Katanga ilikuwa orodha ya wageni waliobisha hodi Bunkeya. Majina hayo yaliondoka enzi za Mobutu, na sioni wa kuyalilia.

Bwawa la Mwadingusha lilifunika bonde, likazaa ziwa Tshangalele. Wavuvi wakahamia kando yake, na samaki wake wakafika masoko ya Likasi na Lubumbashi.

Mgeni asitegemee kuona Lofoi ya pili. Maji mengi huteremka ndani ya mabomba manene hadi kwenye mashine, zaidi ya mita 100 chini, na mwamba hunguruma vizuri pale tu mvua zinapolijaza ziwa. Mwaka 2021 mashine zote sita zilimaliza kukarabatiwa, zikafikia megawati 78, kwa fedha za wachimbaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Ni miaka zaidi ya 90 sasa, na Lufira bado inaifanyia shaba kazi kwanza. Katuba, iliyokua miaka ileile ya 1950 mitambo ilipokuwa ikiongezeka, ingali inanunua makaa.

Walimu wa historia wa Katuba wawapeleke wanafunzi huko, wakati ziwa limejaa. Ila waombe ruhusa mapema, maana Mwadingusha ni mahali pa kazi.