Saa Iliyofutwa Pichani

Mwaka 1910 Edward Curtis, mpiga picha wa Seattle, aliingia katika hema la mzee wa kabila la Wapiegan aliyeitwa Little Plume, akampiga picha ameketi na mwanawe, Yellow Kidney. Kati yao palikuwa na saa ya mezani. Picha ilipotoka kitabuni, saa haikuonekana. Ilikuwa imefutwa.

Curtis hakuwa tapeli. Kwa fedha za J. P. Morgan, tajiri wa benki, alitoa juzuu 20 kati ya 1907 na 1930 kuhusu wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, akanasa pia nyimbo na lugha zao kwenye silinda za nta. Wajukuu wa watu hao bado wanazisikiliza, na hilo ni deni kubwa kwake. Ila aliamini kwamba hao ni watu wanaotoweka, na saa ilimharibia hadithi.

Kutoweka huko kulikuwa na watendaji wake. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilipiga marufuku ngoma za ibada. Shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, iliyofunguliwa 1879, iliwakata watoto nywele na kuwakataza lugha za nyumbani. Huko nako kamera ilikuwapo. Mpiga picha John Choate alimpiga kijana wa Kinavajo, Tom Torlino, alipofika mwaka 1882, ana nywele ndefu na hereni. Miaka mitatu baadaye akampiga tena: suti, nywele fupi, hata ngozi ya uso inaonekana nyeupe zaidi. Picha hizo mbili zilisambazwa pamoja kuonyesha kwamba shule inafaulu.

Mtazamo wa Curtis haujafa. Mwaka 2013 mpiga picha Jimmy Nelson alichapisha kitabu Before They Pass Away ("Kabla Hawajatoweka"), na Wamaasai wa kwetu wamo, kana kwamba nao wako mbioni kwisha.

Mimi naona tumtazame zaidi Horace Poolaw, mpiga picha Mkiowa wa Oklahoma aliyezaliwa 1906. Aliwapiga picha ndugu na majirani zake na magari yao, mazishi yao, sare zao za jeshi. Katika picha ya mwaka 1944 hivi, iliyopigwa kambi ya MacDill, Florida, yeye na mwenzake Gus Palmer wako kwenye ndege ya kivita ya B-17, wamevaa vilemba vya manyoya. Palmer ni mpiga bunduki, Poolaw mpiga picha wa angani. Poolaw alifariki 1984. Picha zake zilifanyiwa maonyesho makubwa New York mwaka 2014.