KUTAFUTA MGAHAWA WA KAHAWA WA KUFANYIA KAZI DAR: MAMBO YA KUANGALIA KABLA HUJAFUNGUA KOMPYUTA



Swali ninaloulizwa sana siku hizi na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni ni hili: "Kaka, hapa mjini nikakae wapi nifanye kazi kwa amani?" Wengi wao wanakaa chumba kimoja, nyumba ya kupanga, redio ya jirani juu, watoto wanacheza mpira uani, na umeme wa LUKU unagombaniwa na wapangaji sita. Bosi yuko London au New York, hajui chochote kuhusu mambo hayo. Yeye anachojua ni kwamba saa ya mkutano imefika na wewe hauonekani. Ukikatika mara mbili tatu, mkataba unakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo hili si suala la usharobaro wa kunywa kahawa yenye povu, ni suala la ugali.

Nimeshazunguka migahawa mingi ya jiji hili na kompyuta mpakato begani, kuanzia katikati ya mji hadi Mikocheni na Masaki. Haya ndiyo ninayoyaangalia. Sitakupa orodha ya majina, maana mgahawa mzuri leo, kesho umebadilisha meneja na ruta imeungua. Nitakupa vipimo, ukapime mwenyewe.

1. ANZA NA SAA ZA BOSI WAKO

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza kahawa ni nzuri au vipi. Mimi naanza na saa ya kufunga. Piga hesabu kwanza. London saa tatu asubuhi, kwetu ni saa tano asubuhi wakati wa kiangazi chao, na saa sita mchana wakati wa baridi yao. Hapo huna tatizo, mgahawa wowote unafaa, ila utakutana na msongamano wa chakula cha mchana.

New York ni habari nyingine. Saa tatu asubuhi yao ni saa kumi jioni yetu, na wao wakiingia majira ya baridi inakuwa saa kumi na moja. Wakimaliza kazi saa kumi na moja jioni yao, kwetu ni saa sita usiku au saa saba. Mgahawa gani utakuvumilia hadi saa hizo? Na ukitoka, unarudi nyumbani na nini? Dada zangu hasa, hili lipimeni kabla ya kitu kingine chochote. Mgahawa mzuri ambao kutoka kwake usiku ni hatari, huo haukufai.

Wenye mabosi Dubai na Muscat wana nafuu, tofauti ni saa moja tu, wao wametutangulia. Lakini kumbuka Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili asubuhi wewe unawaza kanisa au kulala, bosi yuko ofisini. Angalia mgahawa wako unafunguliwa Jumapili saa ngapi.

Kitu kingine: Marekani wanarudisha na kusogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi kitu. Ukiwa na wateja pande zote mbili, kuna majuma ratiba yako inavurugika kabisa. Iandike kwenye kalenda.

2. UMEME: ULIZA KABLA HUJAAGIZA

Ukiingia, usikae. Tembeza macho ukutani kwanza utafute soketi. Kuna migahawa mizuri kweli, maua, viti vya ukindu, soketi mbili tu na zote ziko nyuma ya friji. Ukiiona soketi, chomeka chaja uone kama inafanya kazi, maana nyingine ni pambo. Mimi natembea na ekstensheni fupi ya matundu matatu. Inasaidia hata kupata urafiki na watu wa meza ya jirani.

Halafu muulize mhudumu swali moja: "Umeme ukikatika inakuwaje?" Majibu ni matatu. La kwanza, "tunawasha jenereta". Zuri, ila uliza linachukua muda gani kuwaka, na kama ruta nayo inapata umeme wake bila kuzimika. Ruta nyingi zikizimika zinachukua dakika kadhaa kurudi, na dakika hizo kwenye mkutano ni mwaka. La pili, "tuna betri na inveta". Hilo ndilo jibu tamu, intaneti haikatiki na hakuna kelele. La tatu, "huwa haukatiki hapa". Huyo msamehe bure, lakini usimtegemee.

Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 ianze kuwashwa mwaka 2024, hatuuongelei mgao kama tulivyouongelea 2023. Lakini umeme haukatiki kwa mgao tu. Nguzo inaanguka, transfoma inalipuka, mvua inanyesha. Kwa hiyo uwe na akiba yako. Power bank ya mAh 20,000 ina nguvu ya kama Wh 74. Betri ya kompyuta ya kawaida ni kama Wh 50. Ukitoa kinachopotea njiani, unapata kuijaza karibu mara moja, yaani saa tatu nne za kazi nyepesi. Ila hakikisha inatoa wati zinazotosha kompyuta yako, 45 au 65. Zile za kuchajia simu tu hazitakusaidia kitu.

3. INTANETI: USIAMINI KIBANDIKO CHA MLANGONI

Kibandiko cha "Wi-Fi ya bure" hakimaanishi kitu. Agiza kitu kidogo, omba neno la siri, kisha pima kwa fast.com au speedtest.net. Na hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Wanaangalia kasi ya kushusha, wanaona 20, wanafurahi. Wewe wa mikutano angalia kasi ya KUPANDISHA, maana sura na sauti yako ndivyo vinavyopanda. Zoom wanaelekeza kama Mbps 1.2 kupanda na kushuka kwa video ya kawaida ya 720p kati ya watu wawili. Si nyingi, lakini inatakiwa iwe imetulia, siyo sasa hivi 8, dakika inayofuata sifuri.

Pima saa ile ile utakayofanyia kazi. Intaneti ya saa mbili asubuhi mkiwa watatu si ya saa saba mchana mkiwa arobaini, na kati yao kuna mmoja anashusha filamu.

Pia uwe na bando la kurusha kwa simu, na liwe la kampuni tofauti na inayoupa mgahawa intaneti. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula GB 1 au zaidi. Ukizima kamera na kubaki na sauti, matumizi yanashuka sana. Pima na mtandao wa simu pale pale kwenye kiti chako. Majengo mengine ya zege na vioo yanameza mtandao, nje ya mlango iko mistari minne, ndani mmoja.

Wakongwe mnakumbuka kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Julai 2009. Intaneti ilikuwa ya setilaiti, tunalipia kwa nusu saa, barua pepe moja yenye picha inafunguka ukiwa umeshasinzia. Sasa hivi mambo ni mazuri, ila mkongo nao unakatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi yetu ikayumba pamoja na majirani. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo hakuna mgahawa utakaokuokoa. Dawa ni kukubaliana na mteja mapema: nikipotea, nipigie simu namba hii, na kazi ya haraka ashike fulani. Mteja akishajua, hashtuki.

4. KELELE NA MAHALI PA KUKAA

Kuna kelele ya watu na kelele ya mashine. Ile ya watu wakiongea taratibu haisumbui sana, hata inasaidia kuandika. Inayoua ni ya mashine ya kusaga kahawa, blenda ya juisi na spika ya dari. Usikae karibu na kaunta. Usikae chini ya spika. Usikae karibu na choo wala mlango wa jikoni, kamera yako itaonyesha sinia zikipita kila dakika.

Kaa mgongo ukiwa ukutani. Kwanza mteja haoni msongamano nyuma yako, pili hakuna anayesoma kompyuta yako begani. Na usikae baraza ya nje kando ya barabara. Hewa ni nzuri, lakini kibaka wa pikipiki hahitaji zaidi ya sekunde mbili.

Vijiwe vyetu vya kahawa chungu, vikombe vidogo, kashata na ubishi wa Simba na Yanga, navipenda kuliko hiyo migahawa. Hata Zanzibar pale Jaws Corner, kahawa ni mazungumzo. Lakini kijiwe ni cha kuongea na watu. Ukitoa kompyuta pale unawakosea waliokaa, na kazi yenyewe hutaifanya.

5. SIRI ZA MTEJA NA SHERIA

Kama unashughulikia taarifa za watu, labda rekodi za wagonjwa, malipo au rekodi za simu za wateja, usizifungue hovyo mbele ya halaiki. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mikataba mingi ya nje ina masharti makali zaidi. Simu ya siri usiipigie mgahawani. Nenda nje, au iahirishe.

Kampuni nyingi za nje zinataka uingie kwenye mifumo yao kwa VPN. Hapa kwetu, TCRA walitoa tangazo tarehe 13 Oktoba 2023 wakitaka wanaotumia VPN wajisajili, na mwisho ukawa tarehe 30 mwezi huo huo. Ukipata kazi ya namna hiyo, mweleze mwajiri na mlimalize mapema, usingoje siku ya kuanza.

Na ukienda msalani, beba kompyuta. Usimwachie jirani eti "niangalizie mara moja". Humjui.

6. PIGA HESABU YA MWEZI MZIMA

Hapa ndipo panapouma. Tuseme kahawa ni shilingi 6,000, chakula 15,000, nauli kwenda na kurudi 6,000. Jumla 27,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 22 za kazi: 594,000! Hizo namba ni za mfano, weka za kwako, lakini fanya hesabu kabla hujazoea. Kwa hela hiyo baadhi yenu mngelipia intaneti ya nyumbani na kununua betri nzuri ndani ya miezi michache.

Ushauri wangu: mgahawa uwe wa siku mbili tatu kwa wiki, zile zenye mikutano. Kazi ya kuandika na kuhesabu fanyia nyumbani usiku au alfajiri watu wakilala. Pia ziko sehemu za bei nafuu. Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, ina utulivu ambao mgahawa hauwezi kukupa, japo si pa kupigia simu. Ziko pia ofisi za kuchangia zinazolipiwa kwa siku au kwa mwezi. Ukikuta unaenda mgahawani kila siku, ofisi ya kuchangia huenda ikakutoka nafuu.

Foleni nayo ni gharama. Mgahawa wa wastani ulio dakika kumi kwa miguu unaushinda ule wa kifahari ulio saa moja na nusu kwenye daladala.

7. ADABU YA MEZA

Mwenye mgahawa naye ana kodi ya pango. Meza ya watu wanne ukiikalia peke yako na kikombe kimoja tangu saa tatu hadi saa kumi, umemla. Mimi naagiza kitu kila baada ya saa mbili hivi, na mchana watu wa chakula wakijaa nahamia meza ndogo bila kuambiwa. Vaa visikilizio. Usipige simu kwa sauti kama uko shamba. Mwachie mhudumu chochote, jifunze na jina lake. Siku mgahawa umejaa na mkutano wako unaanza baada ya dakika tano, huyo mhudumu ndiye atakayekupatia kiti chenye soketi.

Na kahawa yenyewe je? Agiza ya hapa nyumbani: ya Kilimanjaro, ya Mbinga, ya Mbeya. Ila wenye mabosi wa Marekani, kikombe cha saa tatu usiku kitakufuata hadi kitandani. Usiku kunywa chai ya tangawizi.

Kwa leo niishie hapo. Walioko Arusha, Mwanza, Dodoma, Mombasa na Nairobi, huko kwenu hali ikoje? Tupeni vipimo vyenu: umeme, kasi ya kupandisha, na saa ya kufunga. Ladha ya kahawa mtatuambia mwisho.