Kiambato amilifu

Kiambato amilifu ni ile kemikali ya dawa inayofanya kazi mwilini. Vilivyobaki, iwe wanga wa kidonge au nyuzi za gome, huisindikiza tu. Kwenye maboksi ya dawa yanayouzwa Lubumbashi huandikwa kwa Kifaransa, principe actif. Kiswahili kimetumia kiambato, kitu kilichotiwa pamoja na vingine, kikakipa sifa ya amilifu, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kutenda kazi. Wapo wanaoandika kiambato hai, lakini kemikali haina uhai, na amilifu inafaa zaidi.

Dawa za maumivu ya viungo zinaonyesha vizuri jinsi mmea na kiambato chake vinavyotofautiana. Pilipili inayoliwa na bukari, yaani ugali, ina kapsaisini. Kapsaisini ikipakwa gotini mara kwa mara kwa wiki kadhaa, huzichosha neva zinazopeleka maumivu kwenye ubongo. Krimu nyingi huwa na asilimia 0.025 hadi 0.075 tu ya kemikali hiyo, lakini pilipili ya kusagwa haina kipimo, nayo huweza kuibabua ngozi.

Mfano mzito zaidi umo katika miombo ya Katanga: Gloriosa superba, mmea unaotambaa kwa kujishikiza vijitini kwa ncha za majani yake, wenye maua mekundu na manjano ambayo petali zake zimepindukia nyuma. Kiazi chake kina kolkisini, dawa ya jongo, iliyotengwa mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou kutoka mmea wa Ulaya wa jamaa hiyohiyo. Katika jongo, fuwele za asidi ya yuriki huvuta seli nyeupe za damu hadi kwenye kiungo, na seli hizo ndizo zinazoleta joto na uvimbe. Kolkisini huzipunguzia mwendo. Kwa kawaida daktari huanza na miligramu moja, kisha nusu yake saa moja baadaye. Kiazi kilichochimbwa tu hakimwambii mtu kina miligramu ngapi, na baadhi ya waliokila wamekufa kwa kutapika, kuhara na kuharibika kwa uboho.

Bizari ya manjano nayo ina kurkumini, ambayo maabara huiona ikizuia uvimbe, ila utumbo hufyonza kidogo sana. Kwa hiyo kiambato huitwa amilifu kwa kazi yake mwilini, si kwa kazi yake kwenye mrija wa maabara. Unga wa mizizi usiojulikana kemikali zake hubaki kuitwa dawa ya miti, hata kama unatuliza.