Umbo la Jani la Mahindi Huamuliwa Lini?

Mwaka 1991 Donald Kaplan na Wolfgang Hagemann walidai kwamba seli hazijengi mmea. Mmea ndio unaojigawa kuwa seli. Mwaka 1996 dai hilo lilipata mtetezi asiyetarajiwa. Laurie Smith na wenzake walieleza mahindi yenye hitilafu ya jeni ya tangled1, ambayo seli za majani yake hugawanyika kombokombo, ilhali jani hutoka na umbo linalokaribia la kawaida, mithili ya ukuta ulionyooka uliojengwa kwa matofali yaliyopangwa ovyo. Wapo waliohitimisha kwamba seli hazina kauli juu ya umbo la jani. Hitimisho hilo limevuka ushahidi. Tangled1 inaonyesha kwamba mwelekeo wa mgawanyiko si sharti la umbo. Haisemi lolote kuhusu seli zipi huteuliwa kuunda jani, na wapi.

Kuhusu uteuzi wenyewe hakuna ubishi mkubwa. Jani la mahindi huanza na seli waasisi zipatazo 250, zinazouzunguka mzingo wa ncha ya chipukizi. Protini ya KNOTTED1, inayopatikana kwa wingi katika seli za ncha, hutoweka katika seli hizo kabla uvimbe wowote wa jani haujaonekana.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatokana na mahindi yaitwayo narrow sheath, yaliyoelezwa na Michael Scanlon na wenzake mwaka huohuo wa 1996. Hitilafu hujitokeza pale tu jeni mbili pacha zinapoharibika kwa pamoja. Ukilishika jani lake, utaona ala, yaani sehemu inayokumbatia shina, ni nyembamba mno. Sehemu ya chini ya bapa imepoteza kingo zake, pamoja na vinyweleo vya ukingoni vinavyokwaruza mkono kwenye jani la kawaida. Ncha ya jani, hata hivyo, ni kamili, kingo zikiwa mahali pake. Ukiichunguza ncha ya chipukizi, chanzo kinaonekana: katika eneo ambalo kingo zingetokea, KNOTTED1 haikutoweka. Kwa hiyo kingo hazikukua kisha zikadumaa, kwani seli zake hazikuteuliwa tangu mwanzo.

Mtetezi wa Kaplan atauliza: mbona ncha ya jani imesalimika? Kinyume na anavyodhani, swali hilo linatusaidia. Kama umbo lingesimamiwa na jani zima, upungufu ungeenea kote au ungefidiwa. Kukatika kwa eneo moja kunaashiria kwamba kingo za chini na za juu zina waasisi tofauti. Atasema pia kwamba seli huteuliwa kwa nafasi yake, si kwa ukoo wake. Hilo ni kweli. Usafirishaji wa homoni ya oksini ukizuiwa, ncha ya chipukizi huacha kutoa majani na KNOTTED1 haipungui. Lakini nafasi haifanyi kazi mpaka ipatikane seli yenye jeni za kuisoma, na hapo ndipo narrow sheath hushindwa.

Kwa mahindi, basi, mpango mkuu wa upana wa jani huwekwa katika mzingo wa ncha ya chipukizi, na mgawanyiko unaofuata huutekeleza. Anayetaka kuueleza upana huo kwa kupima jani lililokwisha kuchomoza amechelewa.