Siku Chicago Walipofikisha Mikimbio 36

Jumanne, 29 Juni 1897, Chicago Colts waliwakaribisha Louisville Colonels katika uwanja wa West Side Park, wakawashinda kwa mikimbio 36 kwa 7. Tangu Ligi ya Taifa ya besiboli ya Marekani ianzishwe mwaka 1876, hakuna timu nyingine iliyofikisha idadi hiyo katika mechi moja.

Mkimbio huhesabiwa mchezaji anapovizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, na mechi huwa na duru tisa. Chicago walipata katika kila duru: 3, 5, 7, 1, 2, 1, 2, 7, kisha 8. Barry McCormick peke yake alifanikiwa kupiga mara sita. Hiyo 8 ya mwisho ndiyo inayonishangaza zaidi. Siku hizi mwenyeji hupiga wa pili, na kama anaongoza, zamu yake ya mwisho haichezwi. Enzi zile nahodha wa wenyeji alikuwa na hiari ya kuanza. Chicago walianza wao, na kwa hiyo Louisville wakalazimika kusimama uwanjani na kuadhibiwa hadi tone la mwisho.

Wala Chicago hawakuwa miamba. Msimu huo walimaliza nafasi ya 9 kati ya timu 12, Louisville ya 11. Kilichozaa matokeo ya namna hii ni zama zenyewe. Mwaka 1893 mrushaji wa mpira alirudishwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, yapata mita 18.4, na wapigaji wakaneemeka. Tena ilikuwa desturi mrushaji kumaliza mechi aliyoianza, hata mkono ukichoka. Waliokaribia zaidi katika nyakati zetu ni Texas Rangers, walioifunga Baltimore Orioles 30 kwa 3 tarehe 22 Agosti 2007, baada ya kutanguliwa 3 kwa 0.

Aliyewaongoza Chicago ni Cap Anson, kocha na mchezaji kwa pamoja, akiwa katika msimu wake wa 27 na wa mwisho uwanjani. Rekodi hii haisimuliki kwa haki bila kutaja upande wake mwingine. Mwaka 1883 Anson alitishia kutocheza dhidi ya timu ya Toledo kwa sababu ya Moses Fleetwood Walker, mchezaji Mweusi. Miaka michache baadaye mlango ukafungwa kabisa, usifunguliwe hadi Jackie Robinson alipovaa jezi ya Brooklyn mwaka 1947. Wengi waliostahili kuwa West Side Park siku ile, kwa kupiga au kurusha, walizuiwa kwa rangi ya ngozi yao.

Na Louisville? Fred Clarke, kijana wa miaka 24, ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa timu mwezi uleule. Wiki tatu baadaye akampata Honus Wagner, ambaye wengi humhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza nafasi yake. Ligi ilipopunguzwa hadi timu 8 baada ya msimu wa 1899, Louisville ilifutwa, na mmiliki wake Barney Dreyfuss akahamia Pittsburgh pamoja na wawili hao. Mwaka 1909, Clarke akiwa bado kocha, Pittsburgh ilitwaa ubingwa wa nchi nzima.